Tusiwavamie wenye nyumba zinazokaribia mnada

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wawekezaji wachanga wanaokimbilia majina ya watu ambao nyumba zao, zilizowekwa rehani, zinakaribia kupigwa mnada. Mimi mwenyewe nilianza kwa pupa: siku tangazo lilipotoka nilimpigia mwenye nyumba, naye akanijibu kwa sauti ya uchovu kwamba nilikuwa mtu wa tisa tangu asubuhi. Tangu siku hiyo naandika kwanza barua fupi, nikieleza mimi ni nani na fedha zangu zitapatikana lini, kisha nasubiri.

Kabla ya kutaja bei, mtu aende masjala ya ardhi apekue hati, kwani deni la benki huenda si la pekee: mkopo wa pili, kodi zilizolimbikizwa au zuio la mahakama vinaweza kumeza faida yote. Deni likizidi thamani ya nyumba, mauzo huwa magumu bila benki kuridhia. Mnadani ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi mnunuzi hapati nafasi ya kukagua ndani, hudaiwa amana papo hapo, na huenda akakuta wakaazi hawajahama.

Wako,
Mnunuzi wa nyumba