Aliyenitemea mate hakuwa anawalipia kisasi watu wa Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba Wahindi wanaolalamika kubaguliwa Ulaya waache kulialia, kwanza huko Uingereza wameshatoa mpaka waziri mkuu, pili wanaonjeshwa tu dawa yao wenyewe maana huku kwetu walishatubagua vya kutosha. Barua ile niliisoma kwenye simu nikiwa mapumziko, nikairudia mara tatu, na tangu siku ile sijatulia, sasa nimeona bora niandike kuliko kukaa nalo moyoni.

Mimi ni Mhindi wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani, Kiswahili ndo nilichogombania mpira mtaani kabla hata Kigujarati sijakijua sawasawa. Mwaka 2008 nilimfuata mke wangu Leicester, Uingereza, na sa hivi naendesha basi la abiria mwaka wa kumi na moja huu. Leicester kwa kweli ni kama kwetu, ukipita Belgrave Road unakuta sari, dhahabu, jalebi, na ukitega sikio unasikia wamama wanaitana kwa Kiswahili cha Kampala na Kisumu. Watu wengi wa mji ni wema pia, abiria akishuka anasema asante dereva, wazee wa hapa wanakuita "mi duck", ndo kama sisi tunavyosema mpenzi au mwanangu. Nalisema hili mapema ili mtu asinielewe vibaya.

Lakini yule anayesema ubaguzi umekwisha aje akae na mimi kwenye usukani shifti moja tu. Sio kwamba napigwa kila siku, hapana, ni vitu ambavyo ukimsimulia mtu anakwambia sasa hapo ubaguzi uko wapi. Mtu anapanda, ananiangalia, anauliza taratiiibu kama anaongea na mtoto, unaijua njia? Nimeipita njia hiyo mara elfu. Mwingine anauliza unatoka wapi, nasema Leicester, anasema hapana, unatoka wapi HASA, nasema Tanga, Tanzania, anatikisa kichwa, lakini wewe si Mwafrika bwana, utakuwa wa India. India nimefika mara moja tu, siku kumi na mbili, kwenye harusi! Yani kule Tanga niliitwa Kanjibai nikaambiwa nirudi Bombay, huku naitwa Paki, jina la tusi ambalo hapa wanambandika yeyote mwenye ngozi kama yangu awe wa nchi yoyote ile, naambiwa nirudi kwetu, na mwenye kuniambia hajui kwetu ni wapi.

Acha nieleze siku moja tu. Ilikuwa Novemba, saa tano kasoro usiku, mvua, basi lina watu kama ishirini hivi. Kijana mmoja kadi yake imekataa, nikamwambia ingia tu kaka nenda kakae, maana mvua ile sikutaka abaki nje. Akanitemea mate. Yaligonga kile kioo cha kibanda changu usawa wa mdomo, yakaanza kuteremka polepole, akasema ile "rudi kwenu" yake akashuka mwenyewe. Mimi nikabaki naangalia yale mate yanateremka. Nikatoa karatasi ya kufutia, nikafuta upande wangu ambao hata haukuwa na kitu, ndo nikagundua mkono unatetemeka, ikabidi nitoke nifute upande wa pili mbele za watu wote, na watu wote wakawa wanaangalia simu zao. Mtu ishirini, kimya! Mmoja akauliza tunaondoka saa ngapi. Ule ukimya ndo nilioenda nao nyumbani, mate nilishayafuta. Nilipojaza fomu meneja akaniuliza una uhakika ilikuwa ubaguzi, labda alikuwa amelewa tu.

Mama yangu mdogo, sisi tunasema masi, alikuwa ameolewa Kampala. Idi Amin alipotoa siku 90 mwaka 1972 walitoka na masanduku mawili, wakawa kati ya watu kama elfu 28 waliopokelewa Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wa Uganda kwamba kwa faida yao na familia zao wasije Leicester. Wakaja hivyo hivyo. Masi nilipomsimulia ya mate alinipa chai akasema nyamaza mwanangu, fanya kazi, sisi tulikula zaidi ya hayo. Nampenda sana masi ila hapo hatukubaliani, na hata wenzake wa rika lake sio wote walionyamaza, mwaka 1974 hapa hapa Leicester wafanyakazi Wahindi wa kiwanda cha taipureta cha Imperial, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma miezi kama mitatu kwa sababu ya malipo na kubaguliwa, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono.

Kuhusu waziri mkuu. Ni kweli Rishi Sunak aliingia Oktoba 2022, baba yake kazaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, nilifurahi sikatai. Wiki ile ile abiria akaniambia sasa si nchi mmeshaichukua. Na chini ya miaka miwili baadaye, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2024, baada ya wale watoto watatu wa kike kuuawa Southport na uongo kusambaa mtandaoni kwamba muuaji ni mhamiaji Muislamu, watu wakavamia msikiti, wakataka kuchoma hoteli ya wakimbizi kule Rotherham, na mke wangu akawa hatoki bila kunipigia, na mimi kila nikifika mwisho wa njia nampigia yeye. Waziri mkuu wa rangi yako hapandi na wewe basi la usiku.

Sasa ile ya pili, ya dawa yetu wenyewe. Hapo ndugu msomaji umesema kweli na mimi siwezi kuruka. Babu yangu alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa na mfanyakazi aliyebeba majora, akafagia, akatupeleka shule, miaka zaidi ya ishirini, na nyumbani kwetu aliitwa boi. Mtu mzima mwenye wajukuu, boi! Alikuwa na kikombe chake cha bati nje dirishani hakichanganywi na vyetu. Neno golo, tusi letu Wahindi kwa Mwafrika, nimelisikia mezani kwetu nikiwa na miaka minne. Wahindi wenzangu mnaosoma gazeti hili mnajua nasema nini.

Ila yule kijana wa Novemba hakumjua babu yangu wala kile kikombe. Hakuwa anamlipia mtu kisasi, na angepanda mjukuu wa yule mzee angemtemea vile vile, pengine zaidi. Hata huu usukani niliokalia, mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji wa Bristol, huku huku Uingereza, ilikuwa haiajiri weusi wala Wahindi kama makondakta au madereva, watu weusi wa pale, Paul Stephenson akiwa msemaji wao, wakasusia mabasi miezi minne mpaka kampuni ikasalimu amri mwezi wa nane, na wa kwanza kuvaa sare baada ya hapo alikuwa Kalasinga, Raghbir Singh. Jasho la watu weusi ndo lilitupandisha na sisi. Kwa hiyo usifurahie mate yale ndugu yangu, hayakutemwa kwa niaba yako.

Yule mzee wa dukani nimeulizia jina lake mwaka huu, nikapiga simu Tanga nyumba tano sita mpaka nikalipata. Siliandiki hapa kwa sababu sijawaomba ruhusa watoto wake, wako Pongwe, Desemba nikija likizo ntaenda kuwaona.

Dereva wa basi, mzaliwa wa Tanga,
Leicester, Uingereza.
(Jina langu naomba mlihifadhi.)