Kwa Hamadi, neno nililokuficha tangu Ramadhani

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila nina neno nililokuficha tangu Ramadhani, na kwa kuwa mama anakuja kutoka Pangani wiki ijayo, sina budi kulisema.

Ghala lilipopunguza watu, nami nilikuwamo. Mama Zuhura anaendelea na uuguzi wake, na tangu tumwachishe kazi dada aliyekuwa akitusaidia, mimi ndiye ninayemwogesha mtoto, kumpeleka chekechea, kufua zile sare nyeupe na kupika. Kazi zenyewe nimezimudu. Kilichonichoma ni siku niliyokaa juu ya mbuzi uani nikikuna nazi, akapita Baba Rehema, akasimama, akakitazama kile kizio mkononi mwangu, akasema kwa upole, "Pole, bwana." Wapo wanaosema nimelishwa limbwata, na wapo wanaoniita marioo, nami nimewazoea, ile pole ndiyo niliyolala nayo.

Tangu hapo nawatazama wanaume wenzangu kwa jicho jingine. Baba Neema, ambaye mkewe ana cheo bandarini, naye yuko nyumbani mwaka wa pili, lakini ana geti na msichana wa kazi, na watu husema anasimamia miradi yake. Yeye ni Mlutheri, na aliniambia kwamba bado ni kichwa cha nyumba kama Paulo alivyowaandikia Waefeso, kwa kuwa ndiye anayeongoza sala ya jioni. Ila alipofika kwenye yale maneno ya Timotheo, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, sauti ilimshuka. Yule kijana wetu wa Makorora hana geti. Amepanga chumba kimoja, ua ni wa wapangaji wote, basi hutoka alfajiri na kushinda kijiweni bila kazi wala chakula, ilimradi asionekane ameshika ufagio, na mkewe akimaliza kuuza vitumbua ndiye anayerudi kufagia. Hilo linaniuma kuliko langu.

Kwetu Waislamu mzigo una uzito wake. Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa imeufunga usimamizi wa mume na mali anayoitoa, na mali ya mke ni yake mwenyewe. Kwa hiyo kila Mama Zuhura anaponunua unga, najiuliza kama ni sadaka yake kwangu au ni deni shingoni mwangu. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa maradhi au kuumia, nami viungo vyangu ni vizima. Ninachojishikiza nacho ni habari ya Bibi Aisha, aliyeulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Jana Mama Zuhura alirudi kutoka zamu ya usiku, akakuta uji uko tayari na mtoto amekwisha kuvaa, akalala usingizi mzito. Nikasimama mlangoni nikijihisi mume kamili, mpaka nilipokumbuka ile pole.

Basi nakuomba, ukionana na Maalim, umuulize lile la unga bila kunitaja. Na mama je, nimweleze kabla hajapanda basi, au aje ajionee mwenyewe? Akitaka kuninyang'anya mwiko mbele ya mke wangu, nimwachie? Nawe, Hamadi, ule mwaka uliokaa bila kazi, ukituaga kila asubuhi kwamba unakwenda mjini, ulikuwa ukienda wapi?

Nduguyo,
Baba Zuhura