Vidonge vile sikutumii

Morogoro,
Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua haikatiki, na Mama Rehema karudi Ifakara na magunia yake ya mchele, kazi ya kutafuta wateja kanitwika mimi. Hayo baadaye. Simu ya juzi ilikatika sijakujibu, na jibu lenyewe refu.

Vile vidonge vyangu vya diazepamu vilivyobaki, vile vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi ulivyoniomba, sivitii kwenye basi. Usininunie. Ungeomba kanga, ungeomba nauli, ungepata. Hivi hapana, na kesho navirudisha kwenye dirisha la dawa hospitalini.

Unakumbuka nilivyokuwa tulipomzika mama. Usiku moyo mbio, pumzi inakata, nashikilia mlango nikijua ndiyo nakufa. Kipimo cha moyo kikatoka safi. Daktari akanipa diazepamu ya miligramu 5, kimoja usiku, kwa wiki 2 tu. Nililala, Mwanaidi! Lakini hili sikuwahi kukwambia: zilipokwisha nilikwenda duka la dawa mtaani nikauziwa bila cheti. Miezi 4. Kimoja kikawa hakinifai kitu, nikawa nameza viwili. Siku moja nikaona aibu, nikaacha ghafla. Siku ya tano mikono ilitetemeka nikashindwa kushika kikombe, mlio wa sufuria unanichoma kichwani, usingizi haupo kabisa. Nilipomweleza daktari hakunifokea. Alisema mwili ukishazizoea, kuzikata ghafla kunaweza kumwangusha mtu kama mwenye kifafa. Akanirudishia dozi, tukaanza kupunguza kidogo kidogo, kila hatua tunangoja mwili utulie kwanza. Wiki nyingi zilipita. Hivyo vilivyobaki ni vya safari hiyo.

Ila kilichoninyima raha tangu juzi si hayo. Ni vile ulivyosema kwa kupita tu, kwamba mgongo unautulizia tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Mwanaidi, tramadoli na diazepamu kila moja inazubaisha pumzi. Zikikutana mwilini mtu anaweza kulala, pumzi ikapungua, ikapungua, asiamke. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Najua huinywi, lakini nyumbani kwenu kuna watu. Halafu wewe saa tisa usiku uko mbele ya karai la vitumbua. Diazepamu haiishi na usiku; hukaa mwilini siku kadhaa, ya leo ikaikuta ya jana. Nakuona na mafuta ya moto na macho mazito, naogopa.

Na hiyo sertralini, dawa ya wasiwasi uliyopewa kliniki, unayosema umekunywa siku 6 na huoni kitu: hata mimi niliandikiwa hiyo baadaye, na nafuu nilianza kuiona wiki ya tano. Dawa hizo huenda polepole, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi. Usijiongezee, usijikatie.

Lakini narudi kwenye tramadoli, maana hapo ndipo penyewe. Hata bila vidonge vyangu, tramadoli na sertralini zote zinapandisha serotonini, ile kemikali ya ubongo, na ikizidi mno ni hatari. Ukijiona unatetemeka, jasho linakutoka, joto limepanda, moyo mbio, akili inachanganyika, usingoje kupambazuke, mwambie Baba Nasra akupeleke hospitali usiku huo huo. Yasipotokea, kesho asubuhi rudi kliniki. Tia pakiti zote kwenye mfuko, ya mgongo, ya wasiwasi, hata ile ya mafua inayokusinziisha, uzimwage mezani kwa daktari. Yeye ndiye atakayejua ipi ibaki na ipi ibadilishwe. Mwambie pia usingizi hupati. Hujui, huenda akakupa njia nyingine. Mimi aliniunganisha na dada wa ushauri nasaha, na yale mazoezi yake ya kuvuta pumzi, niliyoyadharau mwanzoni, ndiyo ninayolalia mpaka leo.

Nimekutumia elfu kumi kwenye simu, ya bodaboda kwenda na kurudi. Usiitie kwenye unga.

Sasa niambie: huyo daktari alikuuliza unatumia dawa gani nyingine? Ulimtajia tramadoli au uliona haya? Nani alikupa, na unameza ngapi kwa siku? Umeanza lini? Usiku ukikujia unakuwa na nani chumbani? Na lile jambo la shamba la Pangani ndilo linalokukosesha usingizi, au kuna lingine hujanitamkia? Nasra anaweza kukusimamia karai wiki hii?

Nipigie ukitoka kliniki, hata ukinikuta sokoni nitapokea.

Wako,
Mama Sele