Wenye mbao za tanga waambiwe saa za maji Shela

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyotupata Shela, kisiwani Lamu, mwishoni mwa Agosti, kwa sababu kusi, upepo wa kutoka kusini, bado inavuma na wageni wenye mbao za tanga wanaendelea kuvuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara.

Mimi ni mkazi wa Malindi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, amejifunza mchezo huu wa kusimama juu ya ubao na kuendeshwa na upepo, na kwa muda mrefu alikuwa akinisihi nimpeleke Lamu akaujaribu mkondo ulio kati ya Shela na kisiwa cha Manda. Tulifunga mbao zetu juu ya basi, tukapita Garsen na Witu, tukapanda mashua Mokowe, na jioni hiyo tukawa tumefika. Kwa Wazungu wanaokuja wakati huo, kwao ni mwisho wa kiangazi. Kwetu sisi kipupwe, majira ya baridi, kimekwisha na demani, majira yanayokifuata, inaingia. Kusi huwa haijafa ila imepunguza ukali wake wa Juni na Julai, hupata nguvu baada ya adhuhuri na kulegea jua linapokaribia kuchwa. Kwa anayejifunza, ni upepo mzuri kabisa, nami simlaumu yeyote anayeufuata kutoka mbali.

Kwa asiyeujua mchezo huu, niseme kwamba ubao hauna usukani. Mlingoti umeungwa na ubao kwa kiungo kinachopinda kila upande, na mwendeshaji hushika mti uliofungwa kwenye tanga: akiulaza mlingoti mbele, ubao hufuata upepo; akiulaza nyuma, ubao hupanda joshini, yaani upande upepo unakotoka. Ni elimu ile ile ya bisho, ya kwenda mshazari dhidi ya upepo, waliyo nayo manahodha wetu, tofauti ni kwamba hapa mwili wa mtu ndio unaofanya kazi ya kamba zote. Tanga nalo huchaguliwa kwa kadiri ya upepo. Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, humtaka mtu wa uzito wa kawaida achukue tanga dogo, la mita 5 za mraba hivi; lakini upepo huo ukishuka hadi noti 8, tanga hilo haliwezi tena kumvuta, na anabaki amesimama juu ya ubao unaokwenda popote maji yanapotaka.

Asubuhi ya siku ya pili tuliangalia simu, ikatuambia upepo utakuwa noti 18 hadi 20 mchana kutwa, tukaridhika. Nahodha mmoja mzee aliyekuwa akitia kalafati chombo chake alituita, nami nikamwamkia. Akaniambia, “Mwanangu, mwezi umeandama juzi, leo ni bamvua. Yakishajaa alasiri, msikae sana majini.” Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Nilimshukuru, lakini nakiri kwamba sikuyatia maanani maneno yake kama yalivyostahili, maana aliyetukodisha tanga la ziada alikuwa amekwisha kutuhakikishia kuwa maji hayana neno maadamu upepo unatoka baharini na kumrudisha mtu mjini.

Hapo ndipo penye kosa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli kwamba kusi huingia mkondoni kutoka baharini. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, kisha kimo kinachokaribia mita tatu huanza kutoka, na maji hayo ya nyuma ya Lamu na Manda hupita mlango ule mwembamba yakielekea bahari kuu, yakipambana na upepo. Mawimbi husimama wima, mafupi na yenye kufuatana. Na saa hiyo hiyo ambapo maji yanashika kasi ndiyo saa ambayo upepo unalegea.

Mpwa wangu aliingia saa tisa na nusu na kuteleza vizuri mno. Ilipofika saa kumi na moja na robo upepo ulipungua, tanga lake likawa halina nguvu, akaanguka, akalivuta tanga, akaanguka tena. Kutoka pwani nilimwona akipita Shela, kisha akiipita Ras Kitau, huku uso wake ukielekea kwangu na ubao ukienda kinyumenyume. Nilikimbia mchangani nikipiga kelele zisizomfikia. Nahodha yule yule ndiye aliyewasha mashine ya mashua yake pamoja na kijana mmoja, wakamtoa karibu na mawimbi ya mlangoni jua likizama. Alikataa malipo, alikubali fedha za petroli tu.

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa habari hizi. Vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19 vinasimuliwa hadi leo, jinsi majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalivyoshindwa, yakakimbilia vyombo vyao na kuvikuta vimekaa juu ya mchanga kwa kuwa maji yamekupwa. Elimu ipo, isipokuwa haimfikii mgeni, ambaye simu yake inampa upepo bila kumpa maji.

Naiomba serikali ya kaunti, pamoja na wenye hoteli, iweke ubao wa matangazo penye gati ya Shela, uandikwe kila asubuhi saa za maji kujaa na kupwa na kama siku ni ya bamvua au ya maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni. Jedwali la saa hizo huchapishwa kila mwaka, kwa hiyo gharama ni chaki na mtu wa kuandika. Naomba pia mashua moja yenye mashine ilipwe kukaa tayari kuanzia alasiri hadi magharibi. Wakati wa kusi wavuvi wengi hawatoki nje ya miamba, na kazi hiyo ingewapa riziki wao wanaoifanya sasa kwa hisani. Hayo yakitimizwa kabla kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika mnamo Desemba, tutakuwa tumewahi msimu mwingine wa wageni.

Msomaji wako,
Malindi