Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wetu na Kader Khan

Wazee wetu mliokaa mbele, wanachama wenzangu, na vijana mliojiunga mwaka huu, assalamu alaykum.

Hesabu ameshazisoma mweka hazina na mmezipitisha, kwa hiyo sizirudii. Mimi nitaeleza kazi iliyofanyika. Mtakumbuka kwamba mkutano uliopita tulikubaliana mwaka mzima tuutoe kwa mtu mmoja, Kader Khan, mwandishi na mwigizaji wa sinema za Kihindi, na baadhi yenu mlinung'unika kwa sababu aliyechaguliwa hakuwa steringi, yaani mchezaji mkuu wa picha. Tumeonesha picha moja kila mwezi isipokuwa Ramadhani, na leo naweza kusema kwamba walionung'unika ndio waliokuwa wakiwahi viti.

Sisi tuliokulia katika kumbi za sinema za Cine Afrique na Majestic tuliyahifadhi maneno ya steringi Amitabh Bachchan kama watu wanavyohifadhi mashairi. Tukitoka ukumbini tulikuwa tukiyasema njia nzima, hata yule asiyejua Kihindi, maana maneno mengine yalikuwa yetu vilevile: dunia, wakili, kitabu, mauti. Hatukuuliza nani kayaandika. Katika sinema ya Kihindi kazi ya uandishi hugawanywa: hadithi ina mwenyewe, mpangilio wa matukio una mwenyewe, na mazungumzo yana mwenyewe. Huyu wa mazungumzo, katika picha nyingi za Amitabh tulizozipenda, alikuwa Kader Khan. Na mara nyingi alikuwamo humohumo ndani ya picha, tukimwona bila kumjua, adui au baba mkwe au mzee wa busara.

Alizaliwa Kabul mwaka 1937. Ndugu zake wakubwa walifariki wakiwa wadogo, mama akaogopa kumpoteza na huyu, familia ikahamia Bombay na kuishi Kamathipura, mtaa wa dhiki kubwa. Alitaka kwenda kufanya kibarua kiwandani; mama yake akamwambia asome. Usiku alikuwa akienda makaburini, akipaza sauti peke yake, akirudia aliyoyasikia mchana, mpaka mtu wa michezo ya kuigiza akamsikia na kumchukua jukwaani.

Akasoma kweli. Akawa mwalimu wa uhandisi wa ujenzi katika chuo cha Saboo Siddik, Byculla, akiandika na kuigiza tamthilia pamoja na wanafunzi wake. Sifa za mchezo mmoja zikamfikia Dilip Kumar, steringi mkubwa wa zama zile, ambaye alipiga simu chuoni akitaka kuuona. Mwalimu akampa masharti: afike kwa wakati, na asiondoke mpaka mwisho. Fikirieni, kumwekea masharti Dilip Kumar! Alikuja, alikaa mpaka mwisho, akamtangaza hapohapo kuwa atamtia katika picha zake mbili.

Mazungumzo ya kwanza aliyoyaandika kwa sinema yalikuwa ya Jawani Diwani, 1972. Mwenyewe alisimulia kwamba aliketi Cross Maidan, uwanja wa wazi katikati ya mji, watoto wanacheza mpira na mpira unampiga, naye anaandika. Saa chache tu akamaliza. Mwaka uliofuata akatokea katika Daag, akiwa wakili wa mashtaka mahakamani. Tuliionesha Daag mwezi wa pili, na niliwaomba muitazame sura yake anaposimama kuhoji. Hapigi kelele. Anasema neno, ananyamaza kidogo, ndipo anasema la pili. Mwalimu aliyezoea kusubiri darasa lishike ndivyo anavyozungumza.

Kisha akakutana na mwongozaji wa picha Manmohan Desai. Desai alikuwa amechoshwa na waandishi waliomletea lugha ya kitabuni. Alitaka maneno ya watu wa mtaani, maneno ya kupigiwa makofi. Alimwambia wazi kwamba asipoyapenda atayachana. Khan akaenda kwao, akaandika, akarudi kuyasoma, na Desai akamtaka ayarudie tena na tena. Kwa simulizi yake mwenyewe, siku hiyo aliondoka na televisheni ndogo mkononi, na malipo yake kwa picha ya Roti, iliyotoka 1974, yakapandishwa hadi rupia 121,000. Baadaye akaandika Amar Akbar Anthony, 1977. Msikilizeni Anthony, mmoja wa ndugu watatu wa hadithi hiyo, anavyozungumza Kihindi cha vichochoroni vya Bombay, kisha mlinganishe na nduguye Akbar. Ukifumba macho unajua nani anasema. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa mazungumzo, na kwangu mimi hakuna aliyemzidi.

Usiku wa mwaka ulikuwa ule wa Muqaddar Ka Sikandar, picha ya 1978 iliyoongozwa na Prakash Mehra. Nieleze kwanza hitilafu iliyotokea, maana lawama zilinifikia. Diski tuliyouziwa ilikuwa imekatwa: majina ya mwanzo, yale ya walioitengeneza picha, hayamo, na tukio la makaburini halimo. Tuliizima katikati na kuwaomba radhi watu waliokwishalipa. Katibu wetu alihangaika wiki tatu mpaka akapata nakala kamili, na namshukuru mbele yenu.

Tulipoionesha tena, ukumbi ulitulia tangu mwanzo. Mtoto Sikandar analia juu ya kaburi la aliyemlea kama mama. Anatokea mzee fakiri, naye ni Kader Khan, mwandishi wa maneno yenyewe. Anamwambia mtoto kwamba raha haina uaminifu, huja siku chache ikaenda zake. Afanye urafiki na huzuni, acheke katikati ya dhiki, na bahati itakuja kulala miguuni pake. Hapo niliwatazama wazee wa safu ya mbele. Midomo yao ilikuwa ikienda. Mmoja alimtangulia fakiri kwa neno zima, kwa Kihindi, macho yake yamefumba. Nami nikamwaza yule kijana wa Kamathipura aliyekuwa akisema peke yake makaburini usiku. Sijui kama tumewahi kuonesha kitu kikubwa kuliko kile katika chama hiki.

Picha alizocheza kama adui sikuzipa nafasi kubwa. Coolie ya 1983 inatosha: ndani yake ni Zafar Khan, mtu anayeivunja familia ya mwenzake, na mazungumzo ya picha nzima ni yake. Mwaka huohuo ilitoka Himmatwala, akageuka mchekeshaji. Alisimulia kwamba mwanawe alirudi siku moja nguo zimechanika, amepigana na wenzake waliomkejeli kuwa baba yake ni yule mtu mbaya anayepigwa mwishoni, ndipo akaamua kuuacha uadui.

Sitaficha maoni yangu kuhusu kipindi hicho. Baadhi ya picha za miaka ya 80 alizofanya na watayarishaji wa Kusini mwa India zina mizaha inayowadhalilisha wanawake, na akina mama wa chama hiki walilisema hilo usiku uleule. Walikuwa na haki. Mtu aliyeandika mawaidha ya fakiri alikuwa na uwezo wa kuandika bora kuliko vile.

Vijana walijaa zaidi siku ya Dulhe Raja ya 1998. Humo Kader Khan ni mwenye hoteli kubwa ya kifahari, na steringi Govinda anakuja kufungua mgahawa wa kienyeji mbele ya lango lake. Walicheka mpaka sauti ya picha ikapotea. Nilifurahi sana, maana walipouliza huyu mzee ni nani, walijibiwa na bibi zao.

Kader Khan alipata tuzo ya Filmfare, tuzo ya sinema za Kihindi, ya mazungumzo mara mbili, kwa Meri Awaaz Suno na kwa Angaar, na nyingine ya uchekeshaji kwa Baap Numbri Beta Dus Numbri. Alicheza picha zaidi ya 300. Uzeeni alijikita katika kufundisha Kiarabu na Qur'ani, kisha maradhi ya ubongo yakamnyang'anya mwendo na maneno. Alifariki Kanada tarehe 31 Desemba 2018, akazikwa hukohuko. Nishani ya Padma Shri, ya serikali ya India, ilitangazwa mwezi uliofuata, hayupo. Inaniuma kwamba haikumfikia akiwa hai.

Kamati yenu inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza ni kuchagua mtu wa mwaka ujao. Majina yamebandikwa mlangoni, na safari hii pia si masteringi. La pili ni kwamba katika maonesho yetu yote majina ya mwanzo yasirukwe tena, yaoneshwe mpaka la mwisho, na taa ziwe zimezimwa.

Ada mpya mmeshatangaziwa. Picha ya kwanza itakuwa Ijumaa ya pili baada ya Idi, saa mbili kamili usiku. Tafadhali fikeni kabla ya majina.