HARAMBEE YA VISHIKWAMBI, FIZIKIA FORM TWO

Wanagrupu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Najua katibu akiandika ndefu hivi mnajua ni mchango tena, na bati za maabara mmechanga juzi juzi tu, Mungu awabariki hazivuji mpaka leo. Ila hili nimeshindwa kulinyamazia.

Mwl wetu wa Fizikia anarekodi kipindi dakika kumi hivi kwa kile kishikwambi cha sensa ya 2022 walichogawiwa walimu, watoto wanaangalia jioni, kesho yake darasani hakuna kunakili ubaoni, ni maswali tu na yeye anapita dawati kwa dawati. Walimu wawili wa kemia kule Colorado, Marekani, walianza hivyo 2007 sababu kuna wanafunzi walikuwa wanakosa vipindi. Sasa kwetu nyumbani wataangalizia wapi? Wanajazana barazani kwa mwalimu, kishikwambi kimoja kimeegemezwa kwenye ndoo, watoto 58, wa nyuma wanaambulia sauti. Alhamisi mvua ikashuka, mwl akavua koti akakifunika, yeye akaloa chapachapa. Na kuna binti anatoka ng'ambo ya mto, giza likianza lazima aondoke hata kama zamu yake haijafika, kesho wenzake wanakokotoa yeye anauliza hiyo kanuni imetoka wapi.

Tukipata kompyuta moja ya mtumba tunaweka Kolibri, programu ya bure, video zinakaa humohumo na watoto wanazifungua kwa waifai ya palepale bila bando, saa tisa hiyohiyo wakitoka vipindini. Kompyuta 420,000, ruta na soketi 180,000, vishikwambi vilivyotumika 20 kwa 150,000 kila kimoja. Jumla 3,600,000. Chenji ya bati ipo 645,000.

Jamani harusi tunachanga laki hata bibi harusi hatumjui, na kadi tunaidai! Wenye ahadi za bati ambazo hazijafika, majina ninayo daftarini, siyataji, mnajijua. Ambaye hana kitu atuombee, ila aombe kweli.

Mweka hazina ni yuleyule, namba ileile. Risiti zote zitapigwa picha ziwekwe hapa, vifaa vitaandikwa namba na kulala ofisi ya taaluma. Copy, ongeza jina lako, rudisha:

1. Katibu – 50,000 (nimeshatuma)
2.