Lile kopo la stoo

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Deni la barua ninalo tangu mwaka jana na la kujitetea sina, kwa hiyo tuchukulie umeshanisuta ukamaliza. Huku wazima. Tuingie kwenye shughuli.

Barua yako nimeisoma mara tatu pale ulipomtaja farasi wenu Asali. Msokoto wa tumbo mara mbili ndani ya siku kumi na mbili, na meno yamekaguliwa, minyoo imepimwa, maji anakunywa. Halafu pembeni kabisa mwa ukurasa, kwa herufi za kubana, unaandika kwamba oti, ile nafaka yake ya kila siku, zimeadimika na sasa mnalisha mahindi. Jibu umeliandika mwenyewe, sahibu, ila umelificha pembeni.

Kopo ni lilelile? La bluu, lililopasuka mdomo? Basi linachukua lita mbili. Lita mbili za oti zina uzito wa kilo moja hivi. Lita mbili za mahindi zinakaribia kilo moja na nusu. Asali aliyekuwa akipewa makopo mawili asubuhi alikuwa anakula kilo mbili, sasa anakula tatu, na hiyo kilo ya mahindi ina wanga mwingi kuliko kilo ya oti. Hakuna mtu aliyemzidishia. Kopo ndilo lililomzidishia, nanyi mkiliangalia limejaa vilevile kama jana.

Tumbo la farasi halilingani na mwili wake, lita nane hadi kumi na tano tu. Nafaka ikiwa nyingi inapita mbio, utumbo mwembamba hauwahi kuusaga wanga wote, na unaobaki unaangukia utumbo mpana. Kule nyuma kuna vijidudu vilivyozoea nyasi. Vikipata wanga vinauchachusha haraka, gesi inajaa, asidi inapanda. Naye hatapiki, kwa hiyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Leo ni tumbo. Kesho inaweza kuwa kwato, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Kila asubuhi mshikeni kwato kwa kiganja, na mpapase mshipa wa damu nyuma ya kifundo. Kwato ikiwa ya moto, mshipa unadunda kwa nguvu, na farasi anaegemea nyuma kama anayekwepa miguu yake ya mbele, msingoje jioni. Mwiteni daktari.

Sasa vipimo. Mpimeni kwa utepe. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Yote kwa sentimita, jibu linakuja kwa kilo. Kama kifua ni 180 na urefu 165, unapata 450. Farasi wa kilo 450 anataka nyasi kavu kama kilo tisa kwa siku, zigawanywe mara tatu au nne. Tumbo lake linatoa asidi muda wote, ale asile, kwa hiyo kukaa na tumbo tupu usiku kucha ni kosa jingine. Nafaka ni ya kuongezea tu. Kwa kazi ya kubeba watoto kwa mwendo wa kutembea na wa kukimbia polepole kidogo, huenda hata haihitaji. (Na uzito huohuo unakusaidia kwa wapandaji. Mtu pamoja na tandiko wasizidi asilimia ishirini, yaani kilo 90 kwa huyo. Mwambie Mrefu, nawe umwambie kwa upole.)

Mahindi yapunguzeni leo hii hadi theluthi ya mnayompa. Kupunguza nafaka hakuna hatari, hatari iko kwenye kuongeza. Kisha mkitaka kupandisha, robo kilo kila baada ya siku tatu, huku mkiangalia mavi. Kama kuna oti zozote zimebaki, changanyeni: robo tatu za zamani kwa robo ya mpya siku tatu, nusu kwa nusu siku tatu, na kadhalika, mpaka siku ya kumi au kumi na mbili. Marobota ya nyasi yanataka hivyohivyo. Watu wanakumbuka nafaka, wanasahau kwamba nyasi za shamba jingine nazo ni chakula kipya.

Na kopo msilitupe. Pimeni kilo moja ya mahindi kwenye mizani, imimineni humo, pigeni mstari wa rangi mahali inapofika. Chakula kikibadilika, mstari unafutwa, mnapima upya. Hapo hata mtoto anayekuja kusaidia Jumamosi hakosei.

Lakini kuna mikono mingi hapo kwenu, na ndipo ninaporudi kwenye lile la kopo. Shamba la jumuiya lina wema wake na balaa lake. Wa asubuhi amelisha, wa saa tatu anakuta ndoo tupu, anamwonea huruma, analisha tena. Hakuna mwovu hapo. Wekeni ubao mlangoni kwa stoo: jina la farasi, kilo ngapi, saa ngapi, na aliyelisha atie alama palepale kabla hajarudisha kopo. Siku ya mapumziko nafaka ikatwe nusu au isitolewe kabisa, maana farasi anayelishwa ya kazi huku amesimama huamka kesho yake na misuli imekakamaa.

Bi mkubwa wa stoo na uji wake wa pumba za ngano kila Jumapili, ah. Najua ni mapenzi. Lakini uji wa mara moja kwa wiki ni mabadiliko ya ghafla kila wiki, na pumba zina fosforasi takriban mara kumi ya kalsiamu. Zikilishwa kila siku bila kusawazishwa, mwili unakwenda kuitafuta kalsiamu kwenye mifupa. Umwambie wewe, mimi atanifukuza.

Akishikwa tena: akiparapara, akiutazama ubavu, akilala na kuinuka, ondoeni chakula, maji yabaki. Hesabuni mapigo chini ya taya kwa sekunde kumi na tano, zidisheni kwa nne. Kawaida ni 28 hadi 44, na yakivuka 60 ni dharura. Bonyezeni ufizi kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Wekeni sikio ubavuni pande zote mbili, kimya ni kibaya kuliko ngurumo. Akitaka kugaagaa mtembezeni taratibu dakika kumi, si kumchosha saa nzima. Msimnyweshe mafuta kwa chupa, yataingia mapafuni. Dawa ya maumivu msimpe mpaka daktari aseme, la sivyo atamkuta ametulia na ugonjwa uko palepale.

Sasa nijibu. Mara zote mbili ilikuwa saa ngapi, na siku gani ya wiki? Alikuwa amepumzika jana yake? Anakula kwenye ndoo moja na mwenzake Radi, au kila mmoja yake? Mnamwaga nyasi juu ya mchanga? Ukitia mavi kwenye chupa ya maji ukayatikisa, kuna mchanga unaotuama chini? Wanampanda saa ngapi baada ya nafaka, na nani alisema nusu saa inatosha? Na kopo, nani hasa huwa analishika saa tatu?

Wako